Umeme kwa mkono uliopooza kwa kiharusi: mashine ipi kwa mkono upi?

Mama mmoja muuza chapati niliyemhudumia miezi minne baada ya kupata kiharusi aliweza kuukamata mti wa kusukumia kwa mkono wake wa kulia bila taabu kubwa. Kilichomshinda ni kuuachia. Nilipomwambia, "Mama, fungua vidole taratibu," aliutazama ule mkono kama anayemtazama mtoto mkaidi, akanijibu: "Mwanangu, navisemesha, havinisikii."

Mikono mingi iliyopigwa na kiharusi iko hivyo. Nguvu ya kufumba hutangulia kurudi, nguvu ya kufumbua huchelewa au hairudi kabisa, na mkono usiofumbuka hauna kazi hata ukiwa na nguvu ya kushika, kwa sababu hauwezi kukizunguka kitu kabla ya kukishika wala kukiacha baada ya kukishika. Kwa hiyo tunapozungumzia umeme wa kuamsha mkono, mara nyingi tunazungumzia misuli ya upande wa nyuma wa kigasha, yaani sehemu iliyo kati ya kiwiko na kifundo cha mkono, ambayo ndiyo inayonyanyua kifundo na kunyoosha vidole.

Swali ambalo familia huja nalo ni fupi: tununue mashine gani? Ugumu wake ni kwamba chini ya jina moja la "mashine ya umeme" zimo aina kadhaa zisizofanana kwa kazi, kwa bei wala kwa ushahidi. Nitazilinganisha hapa, na nitasema wazi ninakoegemea: kinachotakiwa kuamua si wingi wa vitufe vya mashine bali kiasi cha mwendo ambacho mkono umebaki nacho, pamoja na nani nyumbani atakayebandika kila siku pedi, yaani vibandiko vinavyopitisha umeme kwenye ngozi.

Umeme unafanya nini hasa

Kiharusi huharibu sehemu ya ubongo. Neva zinazotoka kwenye uti wa mgongo kwenda mkononi, pamoja na misuli yenyewe, hubaki hai. Amri ndiyo haifiki. Mashine hupitisha mapigo mafupi ya umeme kwenye ngozi, mapigo hayo huiamsha neva iliyo karibu na pedi, neva huuamuru msuli, na msuli hukaza. Ndiyo sababu mtu ambaye neva za mkono wake zimekatika kwa ajali ya bodaboda hawezi kuazima mashine ya jirani mwenye kiharusi na kutarajia matokeo yale yale: msuli usio na neva hudai mapigo marefu mara nyingi zaidi, na matibabu yake ni habari nyingine kabisa.

Kuna tofauti moja kati ya amri ya ubongo na amri ya mashine ambayo mnunuzi anapaswa kuijua, kwa kuwa inaeleza kwa nini baadhi ya vifaa vya bei nafuu havifai. Ubongo unapouamuru msuli, huanza na nyuzi ndogo zisizochoka upesi, kisha huongeza kubwa kadiri mzigo unavyozidi, na huzipokezanisha. Umeme unaopita juu ya ngozi haufuati utaratibu huo. Huziamsha kwa pamoja nyuzi zilizo karibu na pedi, zikiwamo zile kubwa zinazochoka haraka, na huziamsha zile zile kwa kila pigo. Matokeo yake ni kwamba msuli unaoendeshwa kwa mashine huchoka mapema kuliko unaoendeshwa na mwenyewe. Bila mapumziko ya kutosha, vidole vilivyofunguka vizuri mwanzoni vitakuwa vimelegea baada ya dakika chache, na familia itadhani mashine imeharibika. Kwa mkono dhaifu ninaanza na sekunde 5 za umeme na sekunde 15 za kupumzika, halafu napunguza mapumziko kadiri wiki zinavyokwenda.

Jambo la pili ni nia. Msuli ukikazwa na mashine wakati mwenye mkono anatazama televisheni, mwendo umetokea, lakini ubongo haukushiriki kuuomba. Msuli ukikazwa wakati ule ule mgonjwa anapojitahidi kufungua mkono, jitihada, mwendo na hisia ya mwendo hukutana kwa pamoja. Wataalamu wengi wanaamini kwamba kukutana huko ndiko kunakoufundisha ubongo upya, na hapo ndipo mashine zinapogawanyika: zipo zinazokwenda kwa saa, yaani zinazowaka na kuzima zenyewe kwa muda uliopangwa, na zipo zinazomngoja mgonjwa.

TENS na mashine ya kukaza msuli

Nianze na kosa linalogharimu watu fedha. Familia moja iliniletea kwa furaha kifaa kidogo walichouziwa dukani kama "mashine ya kiharusi". Kilikuwa TENS, tena ya kukanda mwili, yenye picha za mgongo na nyayo kwenye boksi. TENS imetengenezwa kwa ajili ya maumivu. Hutoa mapigo mafupi na ya haraka, mara nyingi hezi (mapigo kwa sekunde) 80 hadi 100, yanayosisimua neva za hisia, nayo hutakiwa iwashe ngozi bila kuukaza msuli. Mashine ya kukaza msuli, ambayo kwenye karatasi za kitaalamu huandikwa NMES, hufanya kazi kwa hezi 20 hadi 50, na upana wa pigo lake, yaani muda ambao pigo moja hudumu, huwa kama maikrosekunde (sehemu za milioni za sekunde) 200 hadi 300.

Kwa macho zinafanana: kiboksi, waya mbili au nne, pedi za kunata. Ukizidisha nguvu ya TENS unaweza kuona vidole vikisogea, na ndipo watu wanapodanganyika. Tofauti iko kwenye mambo matatu ambayo mnunuzi anaweza kuyakagua hata bila mtaalamu. Je, unaweza kupanga sekunde za kuwaka na sekunde za kupumzika? Je, umeme unapanda polepole kwa sekunde moja au mbili badala ya kurusha mkono ghafla? Je, upana wa pigo unaweza kufikishwa kwenye maikrosekunde 250 au 300? Kifaa kisicho na sekunde za kupumzika kitaukaza msuli mfululizo hadi uchoke. Kupanda polepole kuna umuhimu wake kwa mkono wenye ukakamavu, yaani ambao misuli yake hujikaza yenyewe bila kuamriwa, kwa sababu msuli wa kufumba ukishtuliwa hujibu kwa kufumba zaidi, na unakuwa umelipia kinyume cha ulichokitaka.

Hata hivyo sitaki kuidharau hisia. Katika utafiti wa Marekani uliochapishwa mwaka 2016, watu 122 waliokuwa ndani ya miezi 6 tangu kiharusi waligawanywa kwa kura katika makundi matatu: wa kwanza walipewa mashine inayokwenda kwa saa, wa pili mashine inayosubiri ishara ya msuli, na wa tatu umeme wa hisia tu usiokaza msuli. Walitumia dakika 40, mara mbili kwa siku, kila siku ya kazi, kwa wiki 8. Makundi yote matatu yalipata nafuu, na hakuna lililolishinda jingine. Muuzaji atausoma utafiti huo kama uthibitisho kwamba chochote kinafaa. Mimi nausoma kwa tahadhari zaidi: katika miezi ya mwanzo mwili hujirekebisha wenyewe kwa kiasi kikubwa, kwa hiyo nafuu ya makundi yote inaweza kuwa imetokana zaidi na wakati kuliko mashine. Ninachokichukua kutoka humo bila wasiwasi ni hiki: asikudanganye mtu kwamba mashine ya bei kubwa zaidi kati ya hizo tatu ndiyo itakayokuponya.

Inayokwenda kwa saa na inayousikiliza msuli

Mashine ya saa ndiyo ya kawaida zaidi. Ukishapanga sekunde, itawaka na kuzima yenyewe kwa dakika 30, na kazi ya mgonjwa ni kukaa, au, kwa maelekezo mazuri, kujaribu kufungua mkono kila inapowaka. Kwa mkono ambao hauna mwendo wowote, hii ndiyo mashine inayowezekana. Inasaidia viungo vya vidole visikaze kwa kukaa bila kusogea, na inamrudishia mgonjwa jambo ambalo hesabu za watafiti haziwezi kulipima vizuri: kuuona mkono wake ukifunguka. Nimewaona wazee wakikaa kimya mbele ya mkono wao wenyewe mara ya kwanza unapofunguka. Mmoja aliniuliza kwanza kama nakusudia kumchomeka ukutani, na ilibidi nimwonyeshe betri ndogo ndani ya kiboksi kabla hajakubali. Kwa nyumba zetu betri hiyo ni faida nyingine, maana mgao wa umeme hauzuii mazoezi.

Mashine ya EMG, yaani inayopima ishara ya umeme ya msuli, huongeza jambo moja juu ya hilo. Pedi zake kwanza husikiliza: mgonjwa anapojaribu kukaza msuli, hata kama kidole hakisogei, msuli hutoa ishara ndogo ya umeme, na ishara hiyo ikivuka kiwango kilichopangwa, mashine huwaka na kuumalizia ule mwendo. Kwa nadharia ni bora, kwa kuwa umeme hauji mpaka nia ije. Kwa vitendo nimekutana na matatizo mawili. Mkono usio na ishara yoyote hauwezi kuvuka kiwango, na mgonjwa hubaki akijitahidi mbele ya mashine kimya, jambo linalovunja moyo kuliko kutokuwa na mashine. Kwa upande mwingine, mkono wenye ukakamavu unaweza kuidanganya mashine: mgonjwa anakaza kila kitu kuanzia bega hadi vidole, ishara inavuka, mashine inamtunuku kwa mwendo ambao hakuuomba kwa njia sahihi. Anayefundishwa hapo ni ukakamavu.

Nikiweka hayo pamoja na matokeo ya wale watu 122, sioni sababu ya familia ya kipato cha kawaida kulipa zaidi kwa ajili ya EMG. Ipo njia rahisi ya kuipatia mashine ya saa sehemu ya faida hiyo: chagua yenye swichi ya mkononi, ambayo mtaalamu, ndugu au mgonjwa mwenyewe kwa mkono mzima, yaani ule usiopigwa na kiharusi, huibonyeza pale tu anapoona jitihada imeanza. Mgonjwa anaanza, swichi inafuata, umeme unamalizia. Inadai mtu makini wa kukaa naye, na mtu huyo haji ndani ya boksi.

Mkono mzima unapouongoza mgonjwa

Njia ninayoiona kuwa ya kuvutia kuliko zote ilitengenezwa na watafiti wa Cleveland, Marekani. Mgonjwa huvaa glavu yenye vihisio kwenye mkono wake mzima. Anapoufungua mkono huo, mashine hupeleka umeme kwenye mkono mgonjwa kwa kiwango kinacholingana: akifungua nusu, mkono mgonjwa nao hufunguka nusu, akifungua wote, nao wote. Mwenye kuongoza ni mgonjwa, si saa wala ishara dhaifu ya msuli, na mikono yote miwili hufanya jambo moja kwa wakati mmoja.

Mwaka 2016 watafiti hao walichapisha ulinganisho wa watu 80 ambao kiharusi chao kilikuwa kimepita miezi 6, nusu wakitumia njia hiyo na nusu mashine ya saa. Wote walifanya mazoezi nyumbani mara 10 kwa wiki kwa wiki 12, pamoja na vipindi 20 vya mazoezi ya kazi za mikono mbele ya mtaalamu. Kipimo kilikuwa sanduku lenye kizuizi katikati na vipande vya mbao vya ukubwa wa kama sentimita 2.5: unahesabu vipande vingapi mkono unahamisha kutoka upande mmoja kwenda mwingine kwa dakika moja. Miezi 6 baada ya matibabu kumalizika, waliotumia glavu walikuwa wameongeza wastani wa vipande 4.6, na wa mashine ya saa vipande 1.8. Kwa wale ambao kiharusi chao hakikuwa kimepita miaka 2 na ambao mkono wao ulikuwa na mwendo wa wastani tangu mwanzo, pengo lilikuwa pana zaidi: 9.6 dhidi ya 4.1.

Vipande vitatu vya mbao ni vichache, na sitaki kumpamba mtu matumaini. Lakini tofauti hiyo ilipatikana kwa watu ambao miezi ya nafuu ya asili ilikuwa imeshawapita, na ilionekana zaidi kwa wenye mwendo kiasi. Wenye mkono dhaifu zaidi hawakunufaika hivyo. Tatizo ni upatikanaji: si mashine utakayoikuta kwenye duka la vifaa vya tiba. Tulio mbali na maabara hizo tunaweza kuiga wazo lake kwa mashine ya saa yenye swichi, mgonjwa akifungua mikono yote miwili kwa pamoja huku akijitazama, na swichi ikibonyezwa kwa kufuata mkono mzima. Haliwi jambo lile lile, maana umeme wetu ni wa kuwaka au kuzima na hauwezi kupanda na kushuka sambamba na vidole. Hata hivyo, nikilazimika kuchagua kati ya EMG ya gharama na swichi ya bei ndogo yenye mikono miwili, nachukua swichi.

Vifaa vya kuvaa na vya kupandikiza

Kipo kifaa kigumu kama gamba kinachovaliwa kuzunguka kigasha na kiganja, chenye pedi tano ndani yake ambazo mtaalamu hupanga mahali pake mara moja tu. Kilianzia Israeli kwa jina la Handmaster, baadaye kikajulikana kama H200. Sifa yake kubwa ni kwamba mgonjwa anayeishi peke yake anaweza kukivaa kwa mkono mmoja na pedi zikakaa pale pale kila siku, jambo ambalo kwa pedi za kunata ni kazi. Dosari yake ni bei, na kwamba sehemu zikichakaa utazitafuta mbali. Kwa nyumba yenye kijana makini wa kubandika pedi, sioni haja.

Kinachotajwa sana siku hizi ni umeme wa neva ya vagasi, neva ndefu inayotoka kwenye ubongo na kupita shingoni. Hapa kifaa hupandikizwa kwa upasuaji chini ya ngozi ya kifua, waya wake ukazungushiwa neva hiyo shingoni upande wa kushoto, na mtaalamu hukiwasha kwa muda mfupi sana wakati mgonjwa anafanya zoezi la mkono. Kiganja hakiguswi na umeme hata kidogo. Kinachokusudiwa ni kuutayarisha ubongo ujifunze. Utafiti wa mwaka 2021 katika vituo 19 vya Uingereza na Marekani uliwahusisha watu 108 waliokuwa na kati ya miezi 9 na miaka 10 tangu kiharusi. Baada ya wiki 6, kwenye kipimo cha mkono chenye alama 66, waliowashiwa kifaa waliongeza wastani wa alama 5.0, na waliopandikizwa bila kuwashiwa 2.4. Mamlaka ya dawa ya Marekani iliidhinisha kifaa hicho mwaka huo huo. Nimekitaja kwa sababu jamaa walio ng'ambo hupiga simu wakikiulizia. Kwa mgonjwa wa hapa si chaguo la kuuzia shamba.

Mkono upi, mashine ipi

Mwombe mgonjwa aketi, alaze kigasha mezani huku kiganja kikining'inia ukingoni, kisha umwambie ainue kiganja na anyooshe vidole. Unachokiona hapo kina thamani kuliko maelezo ya boksi lolote.

Ikiwa hakuna kinachosogea na kiharusi hakijapita miezi michache, mashine ya saa ya kukaza msuli inatosha. Mwongozo wa Marekani wa mwaka 2016 kuhusu urejeshaji baada ya kiharusi unauona umeme wa aina hii kuwa wa busara hasa kwa watu hao, wenye mwendo mdogo katika miezi ya mwanzo, na kwa wale ambao bega lao limeanza kuchomoka. Lakini unataka uambatane na mazoezi ya kazi halisi. Kwa bega, pedi huhamia begani, na mashine ni ile ile.

Ikiwa kifundo kinanyanyuka kidogo na vidole vinafunguka nusu kisha vinakwama, kama ilivyokuwa kwa mama wa chapati, hapo ndipo umeme unapolipa zaidi, na hapo ndipo usiruhusu mashine iende yenyewe. Tumia swichi, tumia mikono miwili, na weka kitu mkononi: kikombe cha plastiki, kitambaa, kibanio cha nguo.

Ikiwa kifundo na vidole vyote vinaweza kunyooka kwa angalau digrii 10 au 20 bila msaada, ningeiacha mashine dukani. Mkono wa namna hiyo unafaa kwa njia isiyohitaji umeme kabisa, ya kuufunga mkono mzima kwa glavu nene sehemu kubwa ya mchana na kuulazimisha mgonjwa kufanya kazi. Utafiti wa Marekani wa mwaka 2006 uliowahusisha watu 222, kati ya miezi 3 na 9 baada ya kiharusi, uliwafunga hivyo kwa asilimia 90 ya muda wa kuwa macho kwa wiki 2, na nafuu yao iliwashinda waliopata huduma ya kawaida. Glavu ya kuepulia sufuria itatosha. Subira ndiyo itakayokuwa ghali.

Unabaki mkono uliofumba kwa ukakamavu mkali, ambao hata wewe ukiufungua kwa nguvu unarudi. Usianze na umeme. Mwone daktari kwanza, kwa sababu ukakamavu wa kiwango hicho huenda ukahitaji dawa au sindano ya kulegeza misuli, na mashine itakuwa inavutana na msuli wenye nguvu mara kadhaa kuliko ule unaousaidia.

Kubandika pedi

Pedi za sentimita 5 kwa 5 zinafaa kigasha cha mtu mzima. Ya kwanza huwekwa nyuma ya kigasha, upana wa vidole vitatu au vinne chini ya mfupa wa nje wa kiwiko. Ya pili katikati ya kigasha kuelekea kifundoni. Washa kwa nguvu ndogo, panda polepole, na utazame. Kifundo kikinyanyuka na kuegemea upande wa gumba bila vidole kufunguka, uko juu ya misuli ya kifundo: sogeza pedi ya juu upana wa kidole kimoja kuelekea upande wa kidole kidogo, ujaribu tena. Vidole vikifunguka lakini kifundo kikaanguka, umepitiliza, rudi nusu. Gumba lina misuli yake chini zaidi, karibu na kifundo, na kwa kawaida hudai pedi ndogo za njia ya pili (jozi nyingine ya pedi inayopangiwa nguvu yake yenyewe), ndiyo maana nashauri mashine yenye njia mbili. Mahali pakipatikana, chora mstari kwa kalamu ya wino kuzunguka pedi au piga picha kwa simu, la sivyo kesho mtaanza upya.

Ngozi ioshwe kwa maji na kukaushwa, isiwe na mafuta. Mafuta ya nazi na pedi havipatani. Jasho la pwani huharibu gundi mapema, na pedi iliyonyanyuka ukingo hukusanya umeme mahali padogo na kuunguza. Kwa kuwa wengi wenye kiharusi wamepoteza hisia upande ule ule, hatasikia anapoungua: tazama ngozi kila baada ya kipindi. Wekundu unaotoweka ndani ya saa moja si tatizo. Unaobaki ni amri ya kusimama.

Asitumie kabisa bila idhini ya daktari mtu mwenye pesimeka (kifaa cha kuendesha mapigo ya moyo) au kifaa kingine cha umeme mwilini, mwenye kifafa kisichodhibitiwa, mwenye damu iliyoganda kwenye mshipa wa mkono huo, mwenye saratani au kidonda mahali pa pedi, wala mjamzito. Pedi zisiwekwe mbele ya shingo kwa hali yoyote.

Kabla ya kulipa

Omba kuazima au kukodi kwa wiki mbili. Vituo vyenye idara ya fiziotherapia mara nyingi vina mashine, na majaribio matatu ya dakika 15 mbele ya mtaalamu yataonyesha kama neva inajibu. Hesabu pia pedi: hukauka baada ya wiki kadhaa za matumizi, na nimeona mashine nzuri zikilala kabatini kwa kukosa pedi za kubadilisha. Muulize muuzaji bei ya pedi kabla ya kumuuliza bei ya mashine.

Kisha tengeneza kipimo chako. Weka vizibo vya soda kwenye sinia, kibao kimoja kikisimama katikati, na uhesabu vingapi mkono unavivusha kwa dakika moja bila umeme, kila Jumamosi, ukiandika kwenye daftari. Bila umeme, nasisitiza, kwa sababu vidole vinavyofunguka mashine ikiwa imewashwa havithibitishi chochote. Hesabu isiposogea kwa wiki 6 za mazoezi ya kweli, badilisha njia au rudisha mashine.

Mama wa chapati hatukumnunulia kitu. Tulitumia ya kuazima, ya saa, yenye swichi, na binti yake wa kidato cha pili ndiye aliyekuwa akiibonyeza jioni baada ya shule, mti wa kusukumia ukiwa mkononi mwa mama yake. Alipoanza kuuachia mezani swichi ikiwa bado haijabonyezwa, waya zilikunjwa na kiboksi kikaenda kwa mzee wa nyumba ya tatu.